Majeruhi "amekimbizwa hospitali", alafu usaha ukaanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Mnaandika ajali za bodaboda karibu kila siku na mnaandika vizuri tu, imetokea wapi, saa ngapi, lori lilikuwa linaelekea wapi, alafu mwishoni kuna ile sentensi ya siku zote, majeruhi amekimbizwa hospitali kwa matibabu. Basi, msomaji anafunua ukurasa mwingine. Kwa sisi wenye ndugu pale ndo kwanza kunakucha, na kwetu kulikucha kwa karibia miaka miwili.

Mie ni mwalimu wa sekondari huku Kilosa, nafundisha baiolojia. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaendesha bodaboda ya mkataba, Agosti 2021 jioni akagongwa na gari ndogo iliyokuwa inaovateki, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti na mfupa wa ugoko ukatoka nje. Niliuona kwa macho yangu, mweupe, umegandiwa na mchanga na vipande vya majani. Wenzake wa kijiweni wakamfunga khanga ya mama ntilie aliyekuwa karibu, wakampakia kwenye bajaji mpaka kituo cha afya, sikitaji jina. Usiku ule zamu alikuwa nesi mmoja peke yake, maji ya dripu ya kusafishia yameisha, akamsafisha kwa maji ya bomba kidogo, akamchoma sindano ya pepopunda, akashona kidonda kikafungwa kabisa. Asubuhi akafungwa P.O.P, ile plasta ngumu, mguu mzima bila kuachiwa dirisha la kuchungulia kidonda, akapewa dawa ya maumivu, akaambiwa arudi baada ya wiki 6. Antibiotiki hakupewa hata moja. Yule nesi simlaumu, alikuwa na wodi nzima mikononi na alifanya alichokuwa nacho, ila nataka watu wajue kilichokosekana usiku ule kilikuwa ni nini maana sio vitu vya gharama kubwa.

Mfupa ukitoboa ngozi ukatoka nje basi vijidudu vimeshaingia, hilo halina mjadala, mchanga ule na majani yale vina bakteria. Kinachoamua ni saa chache zinazofuata. Antibiotiki ya mshipa ianze mapema iwezekanavyo, wataalamu wanataka ndani ya saa moja, isizidi saa tatu, na hili sio la jana, kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1974 wa wagonjwa wenye mifupa iliyovunjika ikiwa na kidonda, wasiopewa antibiotiki walipata maambukizi karibu 14 kwa kila 100, waliopewa dawa ya jamii ya sefalosporini walikuwa kama 2 tu. Kisha kidonda kioshwe kwa maji mengi, yaani lita kadhaa, nyama iliyokufa ikatwe, uchafu utoke. Na maji yenyewe wala sio ya ajabu, mwaka 2015 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 2,400 kwenye nchi kadhaa ikiwemo India, wakalinganisha maji ya chumvi ya dripu na maji ya sabuni, wa sabuni ndo waliorudishwa thieta zaidi, na kuyapuliza kwa mashine ya presha kubwa hakukuwa na faida ya ziada. Kwahiyo chupa za maji ya chumvi, za kutosha, pamoja na sindano ya antibiotiki. Hivyo ndo vilivyokosekana. Tena kidonda kichafu namna ile hakishonwi kikafungwa kama kidonda cha kisu cha jikoni, kinafunikwa kinaachwa wazi, anarudishwa thieta baada ya siku mbili tatu kinaangaliwa tena, ukikifunga na uchafu ndani umewafungia vijidudu nyumba na chakula chao.

Siku ya tano ikaanza harufu. Mama ndo aliyeisikia kwanza, akasema hii ni harufu ya panya aliyekufia darini, tukatafuta panya. Siku ya saba P.O.P ikawa na doa la kahawia linalokua kila siku kama ramani. Tukarudi, wakaikata, kidonda kimefumuka, usaha unatoka. Wakamwandikia vidonge siku saba na kusafisha kila siku. Usaha ukapungua, tukashukuru Mungu. Baada ya wiki mbili ukarudi.

Hapo sasa ndo tulipopotea, na naandika hivi kwasababu najua sasa hivi kuna nyumba nyingi zipo hapohapo tulipokuwa sisi. Tulienda duka la dawa tukanunua ampiklosi. Ikapunguza, tukaacha, ukarudi. Tukanunua sipro. Jirani akasema fungua vile vidonge vya rangi mbili unyunyize unga wake kwenye kidonda, tukanyunyiza. Mjomba akaleta asali, akaleta na mzizi uliosagwa. Sindano za seftriaksoni tulichomewa mtaani na mtu ambaye mpaka leo sijui kasomea wapi. Nilikuja kuhesabu maboksi, antibiotiki tulinunua mara 11 ndani ya miezi 14 na hakuna hata mara moja aliyoandikiwa na mtu aliyejua ni kijidudu gani. Watu wakaanza kusema ni kidonda ndugu, wengine wakasema katupiwa, kuna mwenzake wa kijiweni alikuwa anamuonea wivu. Pikipiki mwenyewe alishaichukua akampa dereva mwingine. Mchumba wake akarudi kwao. Kijana wa miaka 24 akawa anakaa chumbani mlango umefungwa kwasababu ya harufu, wageni wakija anasingizia kalala, na nzi wakimfuata anajifunika shuka mpaka kichwani joto la mchana.

Alafu siku moja, mwezi wa nane mwaka uliofuata, namsafisha nikaona kitu kigumu kimechungulia kwenye lile tundu la usaha. Nikadhani ni jiwe limebaki. Nikakivuta kwa kibanio kikatoka taratibu bila yeye kusikia maumivu yoyote, kipande kirefu kama njiti mbili za kiberiti zimelazwa pamoja, cheupe kisha kina rangi ya njano ya kufifia, kingo zake zimeliwaliwa kama mbao iliyoingiwa na mchwa. Ulikuwa mfupa wake. Nilikaa chini sakafuni. Mimi nafundisha watoto kidato cha pili habari za bakteria, nawachorea ubaoni, na mwaka mzima nilikuwa nafunika kwa bandeji mfupa unaooza nikiamini ni kidonda cha ngozi.

Hiki ndo kitu ninachotaka kila msomaji wako akishike: tundu linalotoa usaha juu ya mfupa uliowahi kuvunjika au kufanyiwa upasuaji, linaloziba wiki mbili alafu linafunguka tena, hilo sio kidonda cha ngozi. Ni mdomo tu. Ugonjwa wenyewe uko ndani ya mfupa, na haijalishi utakipaka nini hapo mdomoni.

Tulipofika hospitali ya rufaa, Oktoba 2022, baada ya kuuza shamba ekari moja na nusu, daktari wa mifupa aliyetupokea alikuwa kijana mdogo tu, akaniita dada, akakiomba kile kipande nilichokuwa nimekihifadhi akakishika kwenye mwanga wa dirisha. Akasema hiki tunaita sekwestra, ni mfupa uliokufa ukajitenga na ulio hai, na ndani kwenye eksirei vipo vingine. Akanionyesha, kwenye picha vinaonekana vyeupe zaidi ya mfupa wa kawaida, na kuzunguka kuna mfupa mpya uliojijenga kama ganda linalojaribu kukizingira kilichokufa. Akanieleza kwanini dawa zetu zote zilishindwa. Antibiotiki inasafiri kwenye damu, na mfupa uliokufa hauna damu, kwahiyo dawa inafika mlangoni inaishia hapo. Tena wale bakteria wakishang'ang'ania kwenye mfupa mfu au kwenye chuma, wanatengeneza utando wa kujifunika, yeye aliita bayofilimu, ni kama ule utelezi unaoushika ukiingiza mkono ndani ya diaba la maji lililokaa siku nyingi bila kusuguliwa, unaweza kumwaga maji ukajaza mapya utelezi uko palepale. Chini ya utando ule wanaishi kwa kusinzia, dawa haiwaui, ukiacha dawa wanaamka. Ndo maana tulikuwa tunaona nafuu alafu unarudi, nafuu alafu unarudi. Diaba linataka kusuguliwa, na mfupa nao hivyohivyo, bila kuondoa kilichokufa hakuna dawa itakayomponya.

Mama aliuliza swali ambalo naamini wengi wangeuliza, mwanangu kwani mngempiga sindano kali zaidi si ingetosha? Daktari akamjibu kwa upole sana, mama, hata ningekuwa na dawa kali kuliko zote duniani, siwezi kutibu maiti. Mama akanyamaza.

Kisha akatuambia kitu kilichotushtua, tuache antibiotiki zote kwa wiki mbili kabla ya upasuaji. Mama alitaka kugombana, sisi tumetoka Kilosa kufuata dawa wewe unatunyima. Lakini sababu yake ni nzito na nashangaa haijulikani. Ukipeleka kipimo cha kuotesha vijidudu wakati mgonjwa anameza antibiotiki, maabara wanaweza wasiotesha kitu kabisa. Tena usaha wa juu unaofutwa na pamba haufai sana kwasababu unakuta vijidudu vya ngozi vimejichanganya, anatakiwa achukue vipande vya mfupa na nyama za ndani wakati wa upasuaji, yeye alichukua vitano, kila kimoja na kifaa chake kisafi. Bila shaka mgonjwa mwenye homa kali aliyezidiwa hawezi kusubiri wiki mbili, ila mdogo wangu alikuwa hana homa, ugonjwa ulikuwa umeshakuwa sugu.

Majibu yalipotoka alinipa karatasi niisome mwenyewe. Staphylococcus aureus, ndo kijidudu kinachoongoza kwenye mifupa duniani kote. Chini kuna orodha ya dawa na mbele ya kila moja herufi, S maana yake dawa inamuweza, R maana yake kijidudu ni sugu. Zile za jamii ya ampiklosi, R. Sipro, R. Seftriaksoni, R. Dawa zote tulizouzia kuku na mbuzi kuzinunua zilikuwa R. Zilizobaki na S zilikuwa chache, moja ni klindamaisini. Alexander Fleming aliyegundua penisilini alionya mwaka 1945 alipopokea tuzo ya Nobel, kwamba mtu akijimezea dozi pungufu atawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Miaka yote hiyo imepita na duka la dawa mtaani kwetu bado ukitaka vidonge vinne vya ampiklosi unakatiwa vinne.

Upasuaji ulichukua zaidi ya saa tatu. Alituambia wanakata mpaka wafike mfupa unaotoa vitone vya damu, hapo ndo wanajua wamefika kwenye uhai, na hawatakiwi kuogopa kukata kwa kumuonea mgonjwa huruma maana kipande kimoja kikibaki mnarudi mwanzo. Uliondoka mfupa wa sentimita 4. Lile shimo walilijaza shanga za saruji ya mifupa iliyochanganywa na dawa ya jentamaisini, zimetungwa kwenye waya kama tasbihi, zinatoa dawa palepale kwa wiki kadhaa kwa kiwango ambacho kupitia damu huwezi kukifikia bila kumdhuru mgonjwa. Baada ya hapo zikatolewa. Vidonge alimeza wiki 6. Mama tena alikuwa na wasiwasi kwanini sio sindano, na mimi pia kusema kweli, sindano kwetu ndo dawa yenyewe, lakini kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019 wa wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, nusu walitumia dawa ya mshipa wiki 6 nusu vidonge, na waliotumia vidonge hawakufanya vibaya kuliko wa mshipa, kama 13 kwa 100 walishindwa kupona huku na kama 15 kule. Sharti kidonge kiwe ni kile ambacho kijidudu hakina usugu nacho na mgonjwa asiruke dozi. Kwa familia ya Kilosa tofauti ya kulala wodini wiki 6 na kurudi nyumbani na vidonge ni tofauti ya kuuza shamba lingine.

Sasa zile sentimita 4 zilizokosekana. Alifungwa antena ya pete, zile pete za chuma kuzunguka mguu na nyaya zinazopita kwenye mfupa. Aliyeianzisha ni daktari wa Umoja wa Kisovieti, Gavriil Ilizarov, huko Kurgan Siberia, aliona kwamba ukiukata mfupa mzima mahali penye afya kisha ukauvuta polepole sana, milimita moja kwa siku, mfupa mpya unaota kwenye mwanya. Hiyo milimita tunaigawa mara nne, kila baada ya saa sita unazungusha nati robo mzunguko. Spana yenyewe ni namba 10. Mdogo wangu alipoiona alicheka, nilikuwa sijamuona akicheka zaidi ya mwaka, akasema dada hii si ndo ya kukazia brek za pikipiki. Saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku, nilikuwa naweka alamu, tunawasha tochi ya simu, anazungusha mwenyewe huku mimi nashika hesabu kwenye daftari. Siku 40. Kisha kusubiri mfupa ule laini ukomae, jumla antena ilikaa mguuni miezi 8, na kila siku kusafisha pale nyaya zinapoingia kwenye ngozi. Aliambiwa aache sigara siku ileile kwasababu sigara inachelewesha mfupa kuunga, akaacha.

Watu wengine wanasema angewekewa chuma cha ndani mapema yote haya yasingetokea. Sidhani ni rahisi hivyo. Pale MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, walifanya utafiti wa wagonjwa 240 waliovunjika ugoko ukiwa na kidonda, ukachapishwa 2020, nusu waliwekewa chuma cha ndani nusu antena ya nje, na kwenye vifo na kurudishwa thieta kwa maambukizi au mfupa kutounga hawakukuta tofauti ya maana. Nikisoma yale naona kinachombeba mgonjwa zaidi ni kuoshwa vizuri na dawa ya mapema kuliko aina ya chuma.

Niseme kidogo kuhusu watoto, sitaweza kulala nisiposema. Wodi ya jirani kulikuwa na mtoto wa miaka 7, hakuvunjika popote, hakuwa na kidonda. Alianza homa na mguu kumuuma karibu na goti, akakataa kukanyaga, nyumbani wakasema kaanguka akicheza, akapelekwa kwa mama anayekanda na mafuta, akakandwa wiki mbili. Kwa watoto bakteria wanaweza kupita kwenye damu wakaweka kambi pale mwisho wa mfupa unapokua, hasa kuzunguka goti, na wakati huo eksirei ya siku za mwanzo inaweza kuonekana safi kabisa. Mtoto mwenye homa asiyetaka kukanyaga au kuguswa mguu ni dharura, na kama ni nyonga ni dharura zaidi, usaha ndani ya kiungo unaharibu gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, kwa siku chache tu na halioti tena. Hapo hakikandwi kitu, anapelekwa hospitali leo, kiungo kinachomwa sindano kutoa maji yapimwe na usaha utolewe. Wenye watoto wa selimundu ndo wawe macho zaidi, na nchi hii inakadiriwa kila mwaka wanazaliwa kama 11,000, maana maumivu ya mifupa wameyazoea na ni rahisi kudhani ni yaleyale, kumbe safari hii kuna usaha, na kwao kijidudu cha salmonela kinapenda sana mifupa. Mama wa yule mtoto aliniuliza, dada, nilimkanda kwa nguvu sana, ndo nimemuharibu? Sikuwa na jibu la kumpa.

Mhariri, ninachoomba ni mambo ambayo yako ndani ya uwezo wenu. Mkiandika ajali ya mfupa uliotoka nje, ulizeni alipewa antibiotiki saa ngapi na kituo kilikuwa na maji ya chumvi chupa ngapi, mganga mkuu wa wilaya akiulizwa swali hilo na gazeti mara tatu nne ataliweka kwenye bajeti. Ulizeni maabara ngapi za hospitali za mkoa zinaotesha vijidudu na bei yake ni kiasi gani, kwasababu sisi tulikitumia kipimo kimoja kikatuonyesha makosa ya maboksi 11. Na mtume mwandishi wodi ya mifupa, sio siku ya ajali, aende mwezi wa sita baada ya ajali, akae na wale vijana wenye antena.

Mdogo wangu anatembea. Mguu wa kulia umepungua kama sentimita moja, kiatu kimewekewa soli ya ziada na fundi wa sokoni. Bodaboda hajarudi, ana kibanda cha spea pale stendi. Usaha haujarudi tangu Oktoba ile, ila daktari ametuambia ugonjwa huu unaweza kujificha miaka, kwahiyo mguu ukivimba, ukawa wa moto au ukauma usiku tusiende duka la dawa, turudi kwake. Kile kipande cha mfupa bado ninacho kwenye kiboksi cha kiberiti, huwa naenda nacho darasani tukifika mada ya bakteria, na mwandishi wenu akihitaji kukipiga picha nitampa.

Mwalimu, Kilosa, Morogoro